Jina Kabla ya Tisheti: Somo la Kujenga Chapa ya Mavazi ya Mtaani

Vijana wengi wanaotafuta biashara ya kuanzia huanza na tisheti. Sababu ziko wazi. Tisheti zisizo na maandishi hununuliwa kwa jumla, fundi wa kuchapa hakosi mjini, na mteja hupatikana kwa picha iliyotumwa kwa simu. Hakuna mashine kubwa ya kununua wala duka la kukodi siku ya kwanza.

Lakini njia iliyo wazi kwa mmoja iko wazi kwa wote. Tisheti nyeusi ya pamba anayoinunua kijana mmoja ndiyo hiyo hiyo anayoinunua mwenzake, na huenda zote zimetoka kwenye katoni moja. Kinachomfanya mteja alipe zaidi kwa hii na kuiacha ile si pamba. Ni utambulisho: jina, alama na sifa ambayo mteja ameijua na kuiamini. Somo hili linaeleza jinsi utambulisho huo unavyojengwa, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo inafaa kufanywa kabla ya tisheti ya kwanza kuchapwa.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mjasiriamali anapaswa kuweza:

• kueleza tofauti kati ya nembo, alama ya biashara na chapa;
• kuchagua jina linaloweza kulindwa kisheria;
• kuandaa nembo inayochapika vizuri kwa gharama ndogo;
• kugawa mtaji mdogo bila kuuweka wote kwenye jina ambalo bado si lake.

1. Chapa ni nini?

Maneno matatu huchanganywa mara kwa mara. Nembo ni mchoro au maandishi yanayoonekana kwenye nguo. Alama ya biashara iliyosajiliwa ni jina au nembo ambayo sheria inaitambua kuwa ya mtu, kikundi au kampuni fulani kwa bidhaa za aina fulani. Chapa ni pana kuliko hizo mbili. Ni yote yanayomjia mteja akilini anaposikia jina hilo: uimara wa mshono, rangi inayobaki baada ya kufuliwa, hata namna alivyojibiwa siku aliyolalamika kwamba saizi haikumtosha.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani, kwenye kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na wafanyabiashara wengi huuza kanga zenye sehemu hizo zote. Hata hivyo, kwa miongo mingi wanunuzi wa Pwani wamekuwa wakiangalia maandishi madogo yaliyochapwa pembeni: "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka wa 1887. Michoro hubadilika na misemo hubadilika, lakini alama inabaki ile ile. Mnunuzi anayeiona hahitaji kuanza upya kukisia ubora wa kitambaa.

Funzo la kwanza ni hilo. Miundo ya nguo ije na kuondoka, lakini alama inayosema nguo ni ya nani isibadilike kila msimu.

2. Nguo hizi ni za nani?

Kabla ya kuchora chochote, mwanzilishi anapaswa kujua anamvalisha nani. Jibu la "kila mtu" halisaidii, kwa sababu haliwezi kuamua rangi, bei, saizi wala mahali pa kuuzia.

Mwaka wa 1992, kijana aliyeitwa Daymond John alianzisha kampuni ya FUBU mtaani Hollis, eneo la Queens, jijini New York, Marekani. Alianza kwa kushona kofia za sufu nyumbani kwao na kuziuza barabarani, kisha akaungana na marafiki watatu wa mtaa huo. Jina lao lilikuwa ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ajili yetu, na sisi wenyewe". Wakati huo kampuni kubwa zilikuwa zikiwauzia vijana weusi nguo bila kuwasikiliza. FUBU ililitaja jambo hilo ndani ya jina lenyewe, na mteja wake akajua mara moja kwamba anazungumziwa yeye.

Fedha zao zilikuwa chache. Walitengeneza jezi chache tu, wakawaazima wanamuziki wazivae kwenye video, kisha wakazichukua tena na kumwazima mwingine. Jezi zile zile zikaonekana kwa watu wengi, na watazamaji wakadhani kampuni ni kubwa. Msanii LL Cool J, aliyekulia mtaa wa karibu, aliivalia kofia ya FUBU katika tangazo la kampuni nyingine kubwa ya nguo mwaka wa 1997. Tangazo lililolipiwa na wengine likawatangaza wao.

Kikundi chochote katika kaunti kinaweza kufanya zoezi hili kwa kuandika sentensi moja: "Tunamtengenezea nguo mtu wa aina hii, anayefanya hivi, ambaye kwa sasa hapati hiki." Makanga wa matatu wanaohitaji suruali yenye mifuko imara, wachezaji wa mpira wa mtaani, wasichana wanaotaka hudi ndefu za kuvaliwa pamoja na hijabu, au wanafunzi wa chuo cha ufundi wanaotaka nguo ya kazi isiyowaaibisha mjini: kila kundi linadai muundo wake, bei yake na lugha yake. Sentensi ikishindikana kuandikwa, kikundi hakijawa tayari kuchapa.

3. Kuchagua jina linaloweza kulindwa

Jina ndilo sehemu ya utambulisho iliyo ngumu zaidi kubadilisha baadaye. Pia ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea.

Kampuni ya Supreme ilianza mwaka wa 1994 kama duka la vifaa vya mchezo wa ubao wa magurudumu katika barabara ya Lafayette, New York. Nembo yake ni rahisi mno: kisanduku chekundu chenye neno moja jeupe. Baada ya muda kisanduku hicho kilijulikana duniani kote, na mwaka wa 2020 kampuni ya VF ilikubali kuinunua Supreme kwa takriban dola bilioni 2.1. Lakini neno lenyewe lina maana ya "bora kuliko vyote". Ni neno la kusifu, na maneno ya kusifu ni magumu kumilikiwa na mtu mmoja. Wengine waliokuwa Ulaya walisajili jina hilo hilo katika baadhi ya nchi, wakafungua maduka na kuuza nguo zenye kisanduku kama kile. Mkanganyiko ulifika mbali. Desemba 2018 kampuni ya Samsung ilitangaza nchini China ushirikiano na hao wa pili, na baadaye ikauacha. Kesi ziliendelea kwa miaka, hadi mwaka wa 2021 mahakama ya London ilipowahukumu kifungo wenye biashara hiyo ya kuiga.

Supreme ilikuwa na fedha za kulipa mawakili katika nchi nyingi. Kikundi cha vijana watano hakina. Kwa hiyo ni nafuu kuchagua tangu mwanzo jina lisiloleta ubishi. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, inataka alama iweze kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za wengine. Kwa mtazamo huo, majina huangukia katika makundi yafuatayo:

• Majina yanayotaja bidhaa, kama vile "Tisheti Zetu" au "Nguo za Mtaa". Ni dhaifu, kwa sababu kila muuzaji anayahitaji kueleza anachouza.
• Majina yanayosifu, kama vile "Bora", "Safi" au "Kali". Ni dhaifu kwa sababu hiyo hiyo.
• Majina ya mahali na ya ukoo. Mtaa, mji au jina la familia ni la wengi, na kulisajili peke yake huwa kugumu.
• Maneno ya kawaida yasiyohusiana na nguo. Haya ni imara. Jina la chombo, mnyama au hali ya hewa, likiwekwa kwenye hudi, halielezi hudi bali humtambulisha mwenyewe.
• Maneno ya kubuni. Haya ndiyo imara kuliko yote, ingawa huhitaji muda zaidi ili wateja wayazoee.

Maneno ambayo jamii nzima hutumia kuitia nguo, kama vile kikoi, leso na shuka, yana historia yake. Mwaka wa 2006 kampuni moja iliomba nchini Uingereza kusajili neno la kikoi, kwa tahajia ya "Kikoy", liwe alama yake. Ombi hilo lilipingwa na halikufaulu. Hoja iliyotetewa wakati huo inawafunga Wakenya wenyewe pia: neno la wote haligeuzwi kuwa mali ya duka moja.

Sheng nayo inahitaji tahadhari. Inavutia kwa sababu ndiyo lugha ya mtaani, lakini hubadilika haraka. Neno linalosifiwa mtaa huu linaweza kuwa tusi mtaa wa pili, au likawa limechakaa kabla ya mzigo wa pili kuchapwa. Jina lipimwe kwa watu wa rika na maeneo tofauti. Kipimo kingine ni cha simu: mtu atajiwe jina kwa sauti bila kuandikiwa, kisha alitafute kwenye intaneti. Akikosea tahajia, wateja nao watakosea.

4. Karatasi tatu, kazi tatu

Wajasiriamali wengi huamini kwamba wakishapata cheti kimoja, jina ni lao. Sivyo. Kuna karatasi tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni cheti cha jina la biashara au cha kampuni, kinachotolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, kupitia eCitizen. Cheti hiki huonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo, na hutakiwa mara nyingi wakati wa kufungua akaunti ya benki ya biashara.

Ya pili ni kibali cha biashara cha kaunti. Hiki humruhusu mtu kufanya biashara mahali fulani kwa kipindi fulani. Hakisemi lolote kuhusu umiliki wa jina.

Ya tatu ni cheti cha alama ya biashara, kinachotolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, yenye makao yake South C, Nairobi. Ni hiki tu kinachompa mwenyewe haki iliyosajiliwa ya kuwazuia wengine kutumia jina au nembo hiyo kwenye nguo.

Usajili wa KIPI hufuata hatua. Kwanza hufanywa upekuzi ili kujua kama kuna alama iliyosajiliwa au kuombwa inayofanana na hiyo. Kisha ombi huwasilishwa kwa daraja la bidhaa husika: nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25, mikoba ya ngozi iko daraja la 18, na huduma za kuuza bidhaa ziko daraja la 35. Ada huhesabiwa kwa kila daraja, kwa hiyo kikundi kinachouza tisheti na kofia pekee kinaweza kuanza na daraja la 25. Ombi likikubaliwa, hutangazwa katika jarida la mali ya viwanda, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulitoa. Pasipo pingamizi, alama husajiliwa kwa miaka 10, na inaweza kuhuishwa kila baada ya miaka 10. Alama isiyotumiwa kwa miaka mitano mfululizo inaweza kuombewa kufutwa.

Herufi ® hutumiwa baada ya usajili kukamilika tu. Kuiweka kwenye lebo kabla ya hapo ni kumdanganya mteja.

Pamoja na upekuzi huo, kikundi kikague kama jina liko wazi kwenye mitandao ya kijamii na kama anwani ya intaneti inayoishia .co.ke inapatikana. Kikague pia jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipia kwa nambari ya till. Mteja aliyeona jina moja kwenye hudi na jingine kwenye ujumbe wa malipo husita, na wengine hukatiza malipo.

5. Nembo inayochapika

Nembo nzuri kwenye skrini ya simu yaweza kuwa mbaya kwenye kitambaa. Mchoraji na fundi wa kuchapa wazungumze mapema. Mambo manne huamua.

Idadi ya rangi. Katika uchapaji wa fremu, kila rangi huhitaji fremu yake na kupitishwa kwake. Nembo ya rangi nne hugharimu zaidi kuliko ya rangi moja, hasa mzigo ukiwa mdogo. Nembo iweze kusimama kwa rangi moja: nyeupe kwenye nguo nyeusi, na nyeusi kwenye nguo nyeupe.

Ukubwa. Nembo hiyo hiyo itakaa kwenye lebo ya shingo yenye upana wa sentimita mbili au tatu na mgongoni kwa upana wa sentimita 30. Ichapishwe kwenye karatasi kwa ukubwa wote huo, ibandikwe ukutani, itazamwe kutoka ng'ambo ya barabara.

Tarizi. Kofia nyingi hutariziwa, na uzi hauwezi kufuata mistari myembamba au herufi ndogo mno. Zinafungana na kuwa donge.

Faili. Mchoraji akabidhi faili ya vekta, inayokuzwa bila kuchakaa, pamoja na namba kamili za rangi. "Nyekundu" ya fundi mmoja si "nyekundu" ya mwingine, na namba ndiyo inayomaliza ubishi.

Makubaliano na mchoraji yaandikwe, hata kama ni rafiki: malipo ni kiasi gani, na haki zote za mchoro zinahamia kwa nani. Karatasi moja yenye saini inatosha kuzuia mgogoro wa siku chapa itakapoanza kulipa.

6. Mipaka ya kuheshimu

Mavazi ya mtaani hupenda kuchezea alama zinazojulikana. Hapo pana hatari tatu.

Kwanza, nembo ya taifa na bendera. Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, Sura ya 99, inakataza kuzitumia kibiashara bila idhini ya maandishi.

Pili, nembo za kampuni nyingine, hata zikibadilishwa herufi moja. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 huruhusu mzigo kukamatwa. Wanaoshona upya nguo za mitumba nao waangalie: kuongeza lebo mpya juu ya nguo yenye nembo ya wengine inayoonekana kunaweza kumfanya mnunuzi aamini kwamba kampuni hizo mbili zinashirikiana.

Tatu, kazi za wasanii na sura za watu. Mchoro wa matatu, picha ya mwanamuziki au beti ya wimbo vina wenyewe. Ruhusa iombwe na iandikwe. Maswali kuhusu hakimiliki hupelekwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

7. Kuishi kulingana na jina

Chapa hujengwa kwa kurudiarudia. Ukurasa mmoja wa kanuni unatosha: namna ya kuandika jina, rangi mbili au tatu za chapa, aina moja ya herufi, mtindo wa picha, na lugha ya kumjibu mteja. Kila mwanakikundi anayeshika simu ya biashara aufuate ukurasa huo.

Lakini kinachorudiwa zaidi ni nguo yenyewe. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na kikundi kinachoanza na kitambaa kizito kisigeuke kimyakimya kwenda kitambaa chepesi mzigo wa pili. Kila mzigo mpya, tisheti moja ifuliwe mara kadhaa kabla ya nyingine kuuzwa. Lebo ya ndani ionyeshe saizi, aina ya kitambaa na namna ya kufua. Saizi "kubwa" ya Januari iwe ndiyo saizi "kubwa" ya Juni. Mteja akipata alichokitarajia mara tatu mfululizo, jina limeanza kuwa chapa.

8. Hesabu ya mtaji

Mfano ufuatao ni wa kufanyia mazoezi, na kila kikundi kiweke bei za eneo lake. Kikundi cha watu watano kina Sh60,000. Tisheti moja tupu ni Sh450 na kuichapa ni Sh150, jumla Sh600.

Njia ya kwanza: kikundi kinachapa tisheti 100 kwa mara moja na kumaliza fedha zote. Mwezi wa pili kinapata barua kwamba jina hilo limesajiliwa na mwingine. Tisheti zilizobaki haziwezi kuuzwa, na hakuna fedha za kuanza upya.

Njia ya pili: kikundi kinafanya upekuzi kwanza na kuwasilisha ombi la usajili. Kisha kinachapa tisheti 30 kwa Sh18,000. Zilizosalia zinagharimia ada, lebo na mzigo wa pili, unaochapwa baada ya kujua ni saizi na rangi ipi iliyotoka haraka. Kikundi hiki kinaingia sokoni kwa kuchelewa kidogo, lakini kila tisheti inayouzwa inalikuza jina ambalo kimekwisha kulikagua na kuliombea usajili.

Muhtasari

1. Andika sentensi moja kuhusu mteja.
2. Chagua majina matatu, si moja. Acha yanayosifu, yanayotaja bidhaa, ya mahali na ya ukoo.
3. Fanya upekuzi BRS, KIPI na kwenye mitandao.
4. Wasilisha ombi la alama ya biashara, daraja la 25.
5. Tengeneza nembo ya rangi moja, na makubaliano ya maandishi na mchoraji.
6. Lipia kibali cha biashara cha kaunti.
7. Chapa mzigo mdogo, fua, pima, uza, kisha uongeze.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni bidhaa gani tatu ambazo wanakikundi hununua kwa kuangalia jina? Jina hilo huahidi nini?
2. Kwa nini jina la mtaa ni dhaifu kama alama ya biashara, ingawa wakazi wanalipenda?
3. Mwanakikundi anapendekeza kuchapa nembo ya taifa kifuani. Ajibiwe vipi?
4. Gawa upya Sh60,000 za mfano kwa bei za soko la karibu. Ni tisheti ngapi zinaweza kuchapwa bila kugusa fedha za usajili?

Vikundi vinavyohitaji maelezo kuhusu kibali cha biashara vifike katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu, vikiwa na majina matatu vilivyoyachagua na nakala za vitambulisho vya wanachama.